Kibali cha Kumvusha Hezroni

Mchanga uliletwa kabla jua halijapanda. Wanawake waliuchota kwenye ukingo wa mto Songwe, mpakani, wakaubeba kwa ndoo na mabeseni mpaka kwenye chumba alichopanga Aliko, wakaumwaga sakafuni, wakaulowanisha kwa maji ya kisima, na juu yake wakatandika majani ya mgomba. Hapo ndipo alipolazwa Hezroni. Huko Kyela joto halimsubiri mtu, na mchanga uliolowa humtunza marehemu siku moja, na ya pili ukiubadilisha asubuhi na jioni. Ya tatu hakuna anayeahidi.

Tusekile, mkewe, alikaa karibu na kichwa cha marehemu, miguu ameinyoosha, khanga ameifunga kichwani kama wajane wafungavyo. Hakuwa akilia tena. Alikuwa akirudia moyoni maneno ambayo mumewe aliyasema usiku wa jana yake hospitalini, kifua kikimkoroma: "Mnilaze kwa mama." Naye alikuwa amemjibu, "Tutakulaza kwa mama, Baba Lucy. Pumzika."

Kwa mama kulikuwa ng'ambo. Mpaka mwezi wa nne kulikuwa nyumbani tu, kitongoji cha Isyeto, mwendo wa kuvuta sigara moja kutoka barabarani. Halafu usiku mmoja wa masika mto uliacha njia yake ya siku zote ukajikatia nyingine nyuma ya kitongoji. Kulipokucha, nyumba arobaini zilikuwa zimejikuta upande wa Malawi bila kusogea hata hatua moja. Watu wakavushwa kwa mitumbwi pamoja na kuku na masufuria. Nyumba, mikakao na migomba vikabaki. Makaburi nayo yakabaki. Chini ya migomba ya Hezroni alikuwa amelala mama yake, na pembeni ya mama yake watoto wawili ambao Tusekile aliwazaa wakafariki kabla hawajajua kutembea.

Abdulwahab alikuja na pikapu yake, ileile iliyomleta marehemu kutoka hospitali. Alikuwa mfanyabiashara wa Katumba, babu yake alitoka pwani, na duka lake tangu biashara ilipofunguliwa lilikuwa na kila kitu, kuanzia betri mpaka vitenge. Alivua kofia, akakaa kidogo na wanaume nje, kisha akaomba kuonana na mjane na shemeji yake nyuma ya nyumba.

"Mama Lucy, pole sana. Nisikilize kwa haraka maana hili jambo linataka haraka. Nina mtumbwi mkubwa unavuka leo alasiri na mchele. Marehemu tunamlaza vizuri juu ya magunia, tunamfunika turubai, ninyi mnapanda mwingine nyuma yake. Binamu yenu Anyisile na ndugu zenu wa kule wanapokea. Kufikia magharibi mmeshazika."

"Ndaga, bwana," alisema Aliko, mdogo wa marehemu, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mungu akuzidishie."

"Juu ya magunia?" aliuliza Tusekile.

"Juu ya magunia, mama. Mchele msafi kabisa."

"Mchele wa magendo."

Abdulwahab alikuna kidevu. "Mchele hauna jina hilo mpaka mtu aukamate."

"Hezroni alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka kumi na tisa," alisema Tusekile. "Wageni waliandikwa kwake. Barua zilianzia kwake. Hajala hata kijiko cha sukari ya magendo."

"Aliila, Mama Lucy. Sukari yote dukani kwangu inatoka kule. Hakuuliza tu."

Aliko alicheka, kicheko kikamtoka kabla hajakumbuka msiba, akajifunika mdomo. Hata Tusekile midomo yake ilicheza. Lakini alitikisa kichwa.

"Hatavuka amefunikwa turubai. Atavuka mchana, na jeneza, na kwaya, na karatasi. Yeye ndiye alikuwa akituambia, nchi inaanzia mlangoni kwako. Nyumba namba nne, kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya, mkoa. Mtu mwenye anwani hiyo hapiti kichakani."

"Shemeji," alisema Aliko, "mchanga huu..."

"Nitakwenda leoleo kwa mtendaji. Ni karatasi moja."

Abdulwahab alivaa kofia yake. "Mtumbwi ni saa kumi," alisema. "Ukibadili mawazo, nitume mtu."

*

Mwenyekiti wa kijiji alisema jambo la mto limemzidi, akawaelekeza Tusekile na Aliko kwenye kata. Ambrose, mtendaji wa kata, aliwakaribisha yeye mwenyewe, akawaweka kwenye benchi, akasimama kwa heshima. Alimfahamu Hezroni. Wakati fulani Hezroni ndiye aliyekuwa akimtafutia watu wa kuchimba mitaro.

"Nimesikia, mama. Nimeumia. Sasa nisaidieni, mnataka nini hasa?"

"Kibali cha kumpeleka nyumbani kwake Isyeto, tukamzike."

Ambrose aligeuka kutazama ukuta. Kulikuwa na ramani ya kata iliyochorwa kwa mkono kwenye karatasi ngumu, mto umepigwa kwa kalamu ya buluu. Mahali pa Isyeto palikuwa pamepakwa wino mweupe wa kufutia. Mtu alipaka mara mbili, maana herufi za jina bado zilionekana kwa chini, kama kidonda kinachopona vibaya.

"Isyeto imesitishwa," alisema.

"Imesitishwa vipi? Nyumba yangu imesimama. Kutoka ukingoni naliona bati lake."

"Nyumba ipo. Kitongoji ndicho kimeondolewa kwenye orodha mpaka mipaka ihakikiwe. Ni agizo, mama, si mimi."

Tusekile alifungua pindo la khanga akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kadi ya chama ya Hezroni, kitabu cha kliniki cha binti yao Lucy, ambaye sasa ameolewa Njisi na ana watoto wake, na risiti ya kodi ya maendeleo. Aliinyoosha risiti juu ya meza kwa viganja viwili.

"Hii ni ya mwezi wa sita. Baada ya mto. Alikuja hapa akakohoa mlangoni kwako, akalipa. Imeandikwa Isyeto."

Ambrose aliitazama. "Risiti ni halali. Nimeiandika kwa mkono wangu."

"Basi?"

"Basi Hezroni alilipa. Hezroni alikuwepo. Isyeto ndiyo haipo."

Aliko alikohoa. "Bwana mtendaji, tufanye kwa kifupi. Kule ni Tanzania au ni Malawi?"

"Hilo ndilo siwezi kusema." Ambrose aliketi, akafuta uso kwa leso. "Sikilizeni. Kama ni ndani ya nchi, hakuna kibali cha kuzika mtu kwenye migomba yake, tangu lini? Kama ni nje ya nchi, kumvusha marehemu si kazi ya kata, ni ya wilaya na zaidi ya wilaya. Nikiandika kibali, nimesema ni nje. Nikikataa kuandika kwa kuwa hakihitajiki, nimesema ni ndani. Yote mawili yatanifukuzisha kazi."

"Kwa hiyo tufanye nini?" aliuliza Tusekile.

"Nitawapa barua ya kuwatambulisha wilayani. Hiyo naweza."

Aliiandika taratibu, akaisoma, akaongeza nukta, akagonga muhuri. Walipokuwa mlangoni akawaita tena, uso umembadilika kidogo.

"Mama, msivuke kabla ya majibu. Sasa jambo limeshaandikwa. Likitokea lolote, nitaulizwa mimi."

Jioni hiyo aliwatuma mgambo wawili wakakae kivukoni. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa na watoto sita na mshahara mmoja, na mwaka ule wafanyakazi walikuwa wakipunguzwa kila ofisi kama matawi ya chai.

*

Siku ya pili Tusekile alikwenda wilayani peke yake, kwa sababu Aliko alibaki kubadilisha mchanga. Alifika saa mbili, akaambiwa akae. Saa nne akaambiwa barua imepokelewa. Saa sita akaitwa kwenye chumba cha karani mmoja, mwanamke wa makamo aitwaye Veronika, aliyekuwa akimenya karanga juu ya jalada.

"Ugonile, mama," Veronika alimsalimu kwa Kinyakyusa, na Tusekile alipoisikia salamu hiyo ofisini, machozi yalimjia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ya jana.

"Ndaga, mwanangu."

"Barua yako nimeisoma. Mkubwa hayupo. Wote hawapo, wako Mbeya, kikao cha siku tatu."

"Kikao cha nini?"

Veronika alisita. "Cha kugawa kata. Zilizopo ni kubwa mno, wanataka kuziongeza kabla ya uchaguzi."

Tusekile alitazama karanga. "Wanaongeza kata."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi natafuta kitongoji kimoja."

Karani aliinuka. Alifunga mlango, akarudi, akaketi upande wa Tusekile badala ya upande wake wa meza. Akasema kwa sauti ya chini, kama binti anayemwambia mama yake jambo la aibu.

"Mama, usinielewe vibaya. Kwa nini uliuliza?"

"Nini?"

"Kwa nini uliomba kibali? Watu wa mtoni wanavuka kila siku. Wiki iliyopita wamevusha bibi harusi na ng'ombe wanne, na ngoma juu. Hakuna aliyeandika kitu, kwa hiyo hakuna anayeulizwa kitu. Mngevuka tu mkazika. Sasa barua ina namba. Barua yenye namba lazima ijibiwe na mtu mwenye cheo, na mwenye cheo ataiogopa, ataipeleka mkoani. Mkoani nao wataipeleka wizarani."

"Mume wangu alisema karatasi ndiyo heshima ya mtu."

"Alikuwa na kazi gani?"

"Balozi."

Veronika alitikisa kichwa pole pole. Akamimina karanga zote zilizomenywa kwenye karatasi, akaikunja, akamtia mkononi. "Kula, mama. Hujala tangu jana, naona midomo."

Tusekile alitoka na karanga. Hakuzila. Alipofika kwenye msiba aliwapa wajukuu.

*

Siku ya tatu asubuhi mchanga haukufanya kazi tena. Wanawake walioingia kuuliza hali ya mjane walitoka upesi wakiwa wameshika pua kwa pembe za khanga, kisha wakijiona wameonekana, wakajifanya wanafuta machozi. Tusekile aliwaona wote. Hakuwalaumu. Alikaa palepale karibu na kichwa, akavuta pumzi kwa mdomo, na kila alipovuta alihisi kwamba anamdhalilisha.

"Shemeji," alisema Aliko kutoka mlangoni.

"Mwite Abdulwahab," alisema. "Mwambie hata kama ni juu ya magunia."

Abdulwahab alikuja na hakusema neno lolote la kumkumbusha. Alileta turubai jipya na chupa mbili za dawa ya kuulia wadudu. Jeneza lililotengenezwa kwa mbao za mwembe lilipakiwa, kwaya ikaambiwa isiimbe, na watu wakafuata nyuma ya pikapu kwa miguu, kimya, kama watu wanaokwenda kuiba.

Kivukoni mtumbwi mkubwa ulikuwa ukipakiwa. Vijana walikuwa wakishusha magunia ya mchele kutoka kwenye toroli, wakiyapanga. Mgambo wawili walikuwa wamekaa juu ya gunia moja wakila muwa. Walipoona jeneza wakasimama.

"Hapana," alisema mmoja, mkubwa kidogo. "Hili tumeambiwa."

"Mmeambiwa na nani?" aliuliza Abdulwahab. "Jamani, mnanijua."

"Wewe tunakujua, mzee. Mchele upite. Marehemu asipite. Mtendaji amesema jina: Hezroni."

"Mchele huu una karatasi?" aliuliza Tusekile.

Mgambo alimtazama, akatazama magunia, akatazama mwenzake. "Mchele ni biashara, mama. Biashara sasa ni huria. Huyu ni mtu."

Mto haukuwa mpana. Ng'ambo, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, alikuwa amesimama Anyisile, binamu wa Hezroni aliyezaliwa kule na kukulia kule, pamoja na wanaume wengine watano. Wote walikuwa na majembe. Nyuma yao bati la nyumba ya Tusekile lilikuwa liking'aa, na migomba imetulia bila upepo.

"Mwe bandu, enyi watu!" alipiga kelele Anyisile. "Mbona hamji? Kaburi liko tayari tangu juzi! Linaingia maji, tunayachota kila saa!"

Aliko alikusanya mikono mdomoni. "Wametuzuia!"

"Nani?"

"Serikali!"

"Ipi?"

Vijana walimaliza kupakia magunia. Mtumbwi ukasukumwa, ukavuka, mkia wake ukiacha mstari majini uliofutika mara. Magunia yalipokelewa na watu walewale wenye majembe, maana walikuwa karibu na hawakuwa na kingine cha kupokea.

Jeneza lilikaa ukingoni kwa saa nzima. Upepo ulipogeuka, mgambo wenyewe wakasogea mbali. Yule mdogo alianza kulia, akageuza uso, akamwambia mwenzake kitu. Yule mkubwa akatikisa kichwa. Mwisho Aliko alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akarudi, akapiga magoti mbele ya mke wa kaka yake.

"Wametupa mahali. Karibu na josho, pale wanapozika wapita njia. Shemeji, nakuomba. Tusimtese zaidi."

Tusekile alitazama bati lake. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja.

Walimzika Hezroni kabla ya jua kuzama, nyuma ya josho la ng'ombe, kati ya kaburi la dereva wa lori ambaye jina lake halikujulikana na kaburi la mtu aliyeokotwa na wavuvi. Mchungaji aliomba kwa haraka. Udongo ulinuka dawa ya kupe.

*

Barua ilifika mwezi wa tisa. Aliileta mtu wa kata kwa baiskeli, na Tusekile alitia sahihi kwenye daftari la kupokelea kwa kidole gumba, ingawa alijua kuandika jina lake, kwa kuwa mtu yule alikuwa ameshamfungulia kidau cha wino. Lucy alikuwepo, amekuja kumsaidia mama yake kuvuna mpunga wa watu. Akaisoma, wamesimama kwenye majaruba, mundu ameubana kwapani.

"Rejea barua yako kuhusu kumvusha marehemu. Ofisi hii imeelekezwa kukujulisha kwamba kubadilika kwa mto hakubadilishi mpaka. Eneo la Isyeto limeendelea kuwa sehemu ya kata na limerudishwa kwenye orodha. Kwa hiyo kibali ulichoomba hakikuhitajika." Lucy aliishia hapo.

"Malizia."

"Mama, basi."

"Malizia, Lucy."

"Unashauriwa kuendelea na mazishi. Aidha, wakazi wote wa kitongoji wanakumbushwa kulipa kodi ya maendeleo kabla ya mwisho wa mwaka."

Tusekile aliichukua barua, akaitazama mihuri. Ilikuwa mitano. Kijiji, kata, tarafa, wilaya, mkoa, kila mmoja umegongwa kwa wino wa rangi yake, na ngazi yote ya Hezroni ilikuwa pale, haikukosekana hata moja isipokuwa ya kitongoji na ya nyumba kumi. Aliikunja akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na risiti.

"Twende nyumbani," alisema.

"Kwa baba mdogo Aliko?"

"Nyumbani."

Kiangazi kilikuwa kimeunywa mto. Mtumbwi wa Abdulwahab ulikuwa umeegeshwa mchangani, na watu walikuwa wakivuka wameinua nguo mpaka magotini, wengine na baiskeli begani. Mgambo hawakuwepo. Tusekile na binti yake walivuka wameshikana mikono, wakapanda mteremko, na hakuna aliyewauliza walikotoka wala wanakokwenda.

Anyisile aliwakuta uani. Nyumba ilikuwa imefagiwa. Mikakao ilikuwa imepaliliwa, na matunda yake yamechumwa na kuanikwa kwenye jamvi, nusu ya Tusekile, nusu ya aliyechuma. Aliwapeleka nyuma, kwenye migomba. Kaburi la mama mkwe lilikuwepo, na yale mawili madogo, na pembeni yake tuta la nne.

"Tulingoja siku tano," alisema Anyisile. "Wazee wakasema kaburi haliachwi wazi, litaita mwingine. Wakaniambia nikate mgomba urefu wa kaka, nizike badala yake. Tukauvika shuka. Tukaimba na wimbo." Alishusha macho. "Ila mimi nilikosea, mama. Nilikuwa na haraka, na kulia, sikukata shina vizuri. Nilizika na mizizi yake."

Upande wa kichwa cha tuta, chipukizi lilikuwa limetoboa udongo. Lilifika kiunoni mwa mtu, jani moja limefunguka, la pili bado limejikunja kama karatasi.

Lucy aliweka mkono mdomoni. Anyisile alikuwa amekuja na jembe, naye alilisogeza mbele kwa aibu.

"Wazee wanasema si vizuri. Nimesema nikusubiri wewe. Niung'oe?"

Tusekile alikaa chini pembeni ya tuta, miguu ameinyoosha, kama alivyokaa zile siku tatu. Alingojea kilio, hakikuja. Akanyoosha mkono, akaondoa konokono kwenye jani.

"Uache," alisema. "Huyu hakuomba kibali."